Kipande Nilichokiacha Chini ya Everest

Kathmandu, Nepali

Mke wangu mpendwa, Mama Nakijwa,

Ikiwa umeipokea barua hii ukiwa umesimama mlangoni, ingia ndani kwanza, ukae, uvae miwani, kisha usome. Hakuna msiba. Mimi ni mzima, binti yetu ni mzima, na mkono unaoandika maneno haya ni wangu. Uliniambia kwenye simu kwamba sauti haikutoshi, kwa kuwa mgonjwa anaweza kujikaza akasema maneno matatu ya uongo, lakini hati yake haiwezi kujikaza kurasa nne. Basi hati yangu ndiyo hii. Itazame vizuri. Mistari imenyooka, na sikutumia rula.

Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyopewa na daktari wa Same unaitumia, au umeiweka kabatini pamoja na zile nyingine? Je, mvua za vuli zimefika huko Mamba, au bado mnatazama mawingu yakipita juu ya Shengena? Nimeuliza habari za ng'ombe mara mbili kwenye simu, na mara zote mbili mtandao umekatika ulipoanza kujibu. Niandikie kama amezaa, na kama ndama ni jike. Na zamu yetu ya kumwagilia kwa maji ya bwawa la ndiva, usikubali isogezwe tena. Waambie imepangwa Jumatano tangu enzi za baba yangu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Najua jinsi ulivyozikaa siku zile mbili. Nakijwa alikupigia simu akilia, akasema, "Mama, Baba anaumwa, tunamshusha," kisha simu ikazima. Haikuzima kwa sababu ya jambo baya. Huko juu baridi hula betri ya simu kama mchwa unavyokula mti. Lakini wewe ungejuaje? Nimeambiwa kwamba siku ya pili ndugu yako, mzee wa kanisa, alikuwa ameshaleta mabenchi ya usharika uani, na kwamba kuna watu walioanza kuuliza nyimbo nilizozipenda. Mabenchi hayo, tafadhali, yarudishwe kanisani. Na nyimbo ninazozipenda nitaziimba mwenyewe.

Nianze mwanzo, kwa sababu nasikia wapo wanaosema kwamba Nakijwa ndiye aliyenilazimisha. Si kweli. Yeye, kama unavyojua, huchora njia za mabomba ya maji kwa ajili ya vijiji vya milimani katika nchi hii, na kwa miaka mitatu alikuwa akitamani kwenda kwa miguu hadi kambi iliyo chini ya mlima Everest, pale wapandaji wanapoanzia. Alipopata likizo, nami nikiwa nimekuja kumtembelea, nilimwambia nitakwenda naye.

"Baba, una miaka sitini na minane."

"Nimepanda Shengena nikiwa na gunia begani."

"Gunia la nini?"

"La viazi."

"Lini?"

"Swali hilo halihusiani," nilimjibu.

Wewe ulisema jambo moja tu kwenye simu: "Nenda, lakini ukichoka, sema." Nami nikakujibu kwamba nitasema. Mama Nakijwa, hilo ndilo neno nililolivunja, na ndiyo sababu ya barua hii kuwa ndefu.

Tulisafiri kwa ndege ndogo hadi kiwanja kilichochongwa ubavuni mwa mlima, kifupi kiasi cha kunifanya nisali sala fupi. Hapo alitupokea kiongozi wetu wa njia, Bwana Pasang, mtu wa umri wa miaka hamsini na zaidi, mfupi, mwenye shingo nene. Ujanani alikuwa mpagazi, na wapagazi wa huku hubeba mzigo mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Nakijwa alikuwa amemfundisha salamu yetu, akaunganisha viganja kifuani akasema, "Shikamoo, baje." Baje kwa lugha yao ni babu. Nikaitikia marahaba, ingawa hilo la babu sikulipenda.

Akaniuliza kama nimewahi kupanda milima. Nilimwambia nimezaliwa mlimani, nimekulia mlimani, na nimefundisha shule za mlimani maisha yangu yote. Akataka kujua mlima wetu una urefu gani. Nakijwa akamtajia urefu wa Shengena. Bwana Pasang akautazama ule uwanja wa ndege chini ya miguu yetu, kisha akanitazama mimi kwa huruma.

"Baje," alisema, "hapa tuliposimama ni juu kuliko mlima wenu. Na hapa sisi tunapaita bondeni."

Nakijwa alicheka hadi akakaa juu ya begi. Mimi sikucheka.

Sharti lake lilikuwa moja: twende polepole. "Bistari, bistari," alikuwa akisema kutwa, yaani polepole. Lakini sisi tuliozaliwa Upareni tunajua namna moja tu ya kupanda mlima. Unatoka mapema, unakaza mwendo, unamaliza kabla jua halijakupiga kisogoni. Nikawa natangulia. Nilipita wazungu wenye fimbo mbili mbili. Nilipita hata yaki, ambao ni ng'ombe wa huku wenye manyoya marefu kama blanketi na kengele shingoni. Tulivuka madaraja ya nyaya yaliyoning'inia juu ya mito, yakiyumba, na vitambaa vya sala vya rangi tano vikipepea pembeni. Kwenye kuta za mawe yaliyochongwa maneno ya sala tulipita upande wa kushoto, kama desturi yao inavyotaka. Kila tulipolala tulikuta jiko la chuma katikati ya chumba, na kuni zake huko juu ni mavi makavu ya yaki. Ningekuletea wewe kuni za namna hiyo ungesusa jiko mwezi mzima. Lakini yanawaka vizuri, na hayanuki sana.

Viazi vyao ni vitamu. Wanavichemsha na maganda, unamenya mwenyewe, unachovya kwenye chumvi na pilipili. Nao wanakunywa chai ya tangawizi. Nilitoa mfukoni zile tangawizi za shamba letu la chini ulizonifungia, nikampa Bwana Pasang moja ainuse. Akasema ya kwetu ni kali zaidi. Hilo ndilo shindano pekee nililoshinda katika safari nzima.

Siku ya tano tulifika kijiji ambacho miti inaishia chini yake, na kuanzia hapo ni mawe na vichaka tu. Jioni ile kichwa kilianza kuniuma.

Hakikuuma kama kinavyouma kwa jua. Kilibana kuanzia kisogoni, kama mtu anayenifunga kamba. Nikatafuna tangawizi nikanyamaza. Ni lazima ujue kwamba kila jioni Bwana Pasang alitubana kidoleni kwa kibanio kidogo chenye taa, kinachoonyesha kama damu inapata hewa ya kutosha, kisha anauliza, "Kichwa?" Nakijwa akajibu kwamba chake kinauma kidogo, akapewa dawa na maji ya kutosha. Zamu yangu ikafika.

"Kichwa, baje?"

"Hakiumi."

Jioni ya pili nikasema hivyo hivyo. Jioni ya tatu nilifanya jambo ambalo naona aibu kuliandika, lakini nitaliandika. Nilikuwa nimeona kwamba namba ya kibanio hupanda mtu akivuta pumzi nyingi nyingi, na kwamba kidole cha baridi huleta namba mbaya. Basi kabla ya kuitwa nilijitenga, nikasugua mikono yangu juu ya jiko na kuvuta pumzi kwa nguvu, kama mwanafunzi anayekariri majibu mlangoni mwa chumba cha mtihani. Namba ikatoka nzuri. Bwana Pasang akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi, Mama Nakijwa, ambaye umeniona nikiwanyang'anya watoto wa watu karatasi kwa kosa la kuchungulia!

Utauliza kwa nini. Nilijiuliza pia. Ni msaragambo. Tangu ujana wetu tumezoea kwamba likipigwa baragumu la kazi ya kijiji, unakwenda, unapimiwa kipande chako cha mfereji, na hutoki mpaka umekimaliza. Anayekiacha, jina lake linasomwa mbele ya watu wote. Niliiona njia ile ya mawe kama mfereji, na ile kambi kama mwisho wa kipande changu. Sikutaka jina langu lisomwe, hata na binti yangu.

Siku ya nane, adhuhuri, tulifika kituo cha mwisho kabla ya kambi. Ilibaki siku moja tu. Nililetewa supu ya vitunguu saumu, nikaitapika. Nilipoinama kufunga kamba ya kiatu, vidole havikujua la kufanya. Niliitazama kamba ile kama kitu nisichowahi kukiona. Bwana Pasang alikuwa amekaa kona ya chumba akinitazama. Akasimama, akanionyesha mbao za sakafu.

"Baje, tembea juu ya ubao huu mmoja. Kisigino kiguse vidole."

Nilicheka. Nilimwambia kwamba maisha yangu yote nimechora mistari iliyonyooka ubaoni. Nikapiga hatua ya kwanza, ya pili, na ya tatu ikaenda kwenye meza ya Wajapani. Chai yao ikamwagika. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Tunashuka," alisema Bwana Pasang.

"Kesho asubuhi," nilimwambia.

"Sasa hivi. Ukilala hapa, kesho huenda usiamke."

Nakijwa alikuwa ameshika ukuta. "Baba, tangu lini?"

"Siku tatu."

"Siku tatu! Na kibanio?"

Nikamweleza. Hakupaza sauti. Alinifunga kamba za viatu, kiatu kimoja kisha cha pili, kama wewe ulivyomfunga yeye siku ya kwanza ya shule. Kisha akasema, "Ningekuwa mimi nimefanya hivi, ungenichapa mbele ya darasa."

Ndipo alipokupigia simu, na ndipo ilipozima.

Tulishuka mchana ule. Walinishika mikono, mmoja huku na mmoja huku. Penye mteremko mkali miguu ilikataa kabisa, na Bwana Pasang akanibeba mgongoni kwa kitambaa na ule mkanda wa kwenye paji. Nimebebwa, mke wangu, kama mtoto wa chekechea, na mtu mfupi kuliko mimi kwa kichwa kizima. Nilimwomba radhi nikiwa huko huko mgongoni.

"Wagonjwa hawanisumbui," alijibu akihema. "Wagonjwa ninawashusha. Wanaonisumbua ni waongo. Ningekupeleka kesho kule juu huku nikiamini kwamba u mzima."

Kabla jua halijazama tulifika kijiji cha chini chenye zahanati ndogo. Daktari alinipa hewa ya mtungi na dawa, akakaa karibu yangu. Asubuhi nilipofungua macho, kamba ile kichwani ilikuwa imelegea. Nilimwona Nakijwa amelala ameketi kitini, kofia imemfunika macho, mdomo wazi. Niliita jina lake, akaruka.

"Kichwa?"

"Kinauma kidogo," nilimjibu.

Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Akasema hajawahi kufurahi kusikia kwamba kichwa cha mtu kinauma. Siku ile ya pili simu ilipopata chaji ndipo tulipokupigia. Nilisikia uani kwetu watu wakiimba, na wewe ukiwanyamazisha kwa sauti ambayo sijaisikia tangu harusi ya mdogo wako.

Daktari aliniruhusu kubaki kijijini hapo, lakini juu sikuruhusiwa tena. Nakijwa naye akasema hatakwenda. Tulibishana nusu siku. Mwishowe Bwana Pasang ndiye aliyeamua: mimi niko salama, binti ana afya, na safari aliyoitamani miaka mitatu isimfie njiani kwa kosa la mtu mwingine. Wakaondoka wawili. Mimi nikabaki na mama mwenye nyumba, ajuza asiyejua Kiingereza wala Kiswahili. Alinipa kisu na ndoo ya viazi, nikamenya. Kwa siku tatu nilimenya viazi, na kila nilipomaliza ndoo nilitoka nje kutazama njia. Sasa nilijua jinsi ulivyozikaa siku zako mbili.

Siku ya tatu, alasiri, niliwaona wakishuka. Nilimtambua kwa mwendo kabla sijaiona sura. Alikuwa nyuma ya Bwana Pasang, polepole, kama mtu asiye na deni na mlima. Nikaketi juu ya jiwe kuwangoja.

"Umefika?"

"Nimefika. Kumbe ni mawe tu, Baba. Mawe, barafu, vitambaa, na watu wamepanga foleni kupiga picha." Akanionyesha chupa ya chai. "Nilichemsha tangawizi ya Mama, tukainywa pale pale, mimi na Pasang. Kikombe cha tatu kilikuwa chako, tukagawana." Kisha akanipiga bega. "Kipande chako nimekimaliza."

Hakujua alichokisema. Alikuwa akitania. Lakini mimi niliyarudia maneno yake kwa sauti ya chini hadi akaingiwa na wasiwasi, akauliza tena, "Kichwa?"

"Hakiumi."

"Kweli?"

"Kweli. Lete hicho kibanio."

Unakumbuka, mke wangu, mwaka ule nilipokuwa katibu wa msaragambo na tulikuwa tunazibua mfereji wa ndiva. Baba Namsifu, jirani yetu wa chini ya kanisa, alikuja kwangu na jembe mkononi akasema kichwa kinamuuma sana, anaomba kwenda nyumbani. Mimi nikamjibu mbele ya watu, "Mfereji hauchimbwi kwa kichwa, unachimbwa kwa mikono." Watu wakacheka. Akaliweka jembe chini, akaondoka akiyumba, nami nikadhani anaigiza. Binti yake Namsifu, aliyekuwa ameolewa Lembeni na aliyekuja tu kusalimia, alilichukua jembe lile akiwa na kitenge chake cha safari, akamaliza kipande cha baba yake hadi kigingi cha mwisho. Na jioni nilisimama nikalisoma jina la Baba Namsifu kuwa ndiye aliyeacha kazi. Nilisema kwamba kipande ni cha aliyepimiwa. Alilala wiki mbili hospitalini. Tangu hapo ananisalimia kwa mbali, na kwetu hajaketi tena.

Usiku ule ule ulinipakulia makande, ukasema, "Umekosea, mtu yule alikuwa mgonjwa." Nikakujibu usiingilie kazi ya umma.

Basi nisalimie wote. Msalimie dada yangu mwenye kibanda cha mboga sokoni Same, ambaye ndiye atakayekufikishia barua hii, maana mwenzake Nakijwa wa kazini anasafiri kwenda Dar es Salaam na ataituma kwa basi. Msalimie mkwe wetu wa Kifaru na watoto wake. Mjukuu aliyeko darasa la nne mwambie babu yake anataka kuona daftari lake la hesabu likiwa safi atakaporudi. Msalimie ndugu yako mzee wa kanisa, na umshukuru kwa mabenchi, kwa kuwa najua aliyabeba kwa upendo.

Kisha fanya jambo hili kwa niaba yangu. Goti likiruhusu, shuka hadi kwa Baba Namsifu. Usitume mtu. Mweleze yote kama nilivyokuandikia: kibanio, ubao wa sakafu, na mgongo wa Bwana Pasang. Mruhusu acheke kadiri apendavyo. Mwambie kwamba siku ya msaragambo wa kwanza baada ya mimi kurudi, nitaomba nafasi ya kusema mbele ya watu. Nitasema kwamba mwaka ule kipande chake kilimalizwa, na kwamba jina lake halikustahili kusomwa. Kisha nitalisoma langu: aliyeacha kipande chake chini ya Everest, akamaliziwa na binti yake.

Na wewe, Mama Nakijwa, jibu nililokupa usiku ule nalifuta. Ulisema kweli. Nimeliandika hilo kwa wino, kwa hati yangu, nikiwa na akili timamu, ili uweze kunionyesha kila nitakapolisahau.

Nimechoka sasa. Unaona, nimesema.

Mume wako anayekuheshimu,

Baba Nakijwa